Mhariri, ule mchoro wa miguu ya transista unawapoteza vijana

Mhariri, salaam. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na kama inawezekana usinikate katikati maana hili jambo likitolewa nusu nusu linageuka kuwa uongo mwingine juu ya ule wa kwanza.

Kwenye ukurasa wenu wa vijana na ufundi mlitoa maelezo ya kujitengenezea pedali ya fazi, kile kisanduku cha kukanyaga kwa mguu kinachokwaruza sauti ya gita ya kizamani, mtindo wa miaka ya 60. Nilifurahi kwakweli, maana pedali mpya ya dukani bei yake haishikiki na kijana anayejua kushika solda anaweza kujiundia ya kwake kwa vitu vya mtaani. Ila chini ya makala mkachora transista moja, kile kijipande cha miguu mitatu kinachokuza umeme, uso bapa mgongo wa mviringo, mkaandika majina ya miguu, kushoto emita, katikati beizi, kulia kolekta, basi. Hakuna jina la transista, hakuna kusema inatazamwa kwa juu au kwa chini, yani msomaji anaondoka akijua transista zote duniani zimesimama hivyo. Sasa mi ni fundi redio, na gita nimepiga miaka mingi tu, na tangu makala itoke vijana wanakuja na vibodi vyao mkononi wanasema mzee hii haitoi sauti, ukiangalia kila kitu kiko mahali pake isipokuwa transista imekaa kinyume. Ukiwauliza nani kawafundisha, gazeti.

Ule mchoro ni wa kweli kwa transista kadhaa, siwezi kukataa. Ukiwa na 2N3904 uso bapa unakutazama na miguu iko chini, ni emita, beizi, kolekta kuanzia kushoto, na ile 9014 tunayoitoa kwenye vijiredio vya Kichina nayo iko hivyo hivyo. Lakini nenda kaulize 2N3904 kwenye duka la spea, muuzaji atakwambia hiyo sina chukua BC547 ni ileile tu, na kweli kwa kazi ya pedali inakaribiana nayo, ila BC547 na mwenzake BC548 vimegeuka, kushoto ni kolekta, beizi katikati, kulia emita. Hapo angalau unaigeuza tu uso uangalie upande wa pili unamaliza. Balaa liko kwa za Kijapani, C945 na C1815, ambazo kila redio kaseti mbovu unayofungua zimejaa humo, hizo ni emita, KOLEKTA, alafu beizi iko pembeni kulia kabisa. Hizo ugeuze usigeuze haisaidii, lazima miguu ipindwe ipishane ndani ya soksi za plastiki (unavua tu ganda la waya mwembamba unavalisha mguu) ndo ziingie kwenye tundu za bodi iliyochorwa kwa ajili ya 2N3904. Na nyingine inatofautiana na ndugu yake kwa herufi moja ya mwisho, BC183 ina beizi katikati lakini BC183L ina kolekta katikati, na hiyo BC183L ndo mojawapo ya transista zilizowekwa kwenye pedali za Fuzz Face zilipohamia silikoni kutoka jemani (germanium), ile malighafi ya ndani ya transista za zamani. Kijana anakuta mchoro wa mtandaoni umeandika BC183 anadhani L ni pambo.

Nieleze kidogo kwa nini nalishikilia hili, maana mtu atasema si ukikosea haiwaki unageuza. Ingekuwa haiwaki kabisa nisingeandika barua. Ukibadilisha kolekta na emita transista bado inafanya kazi, inafanya vibaya tu, ukuzaji wake unashuka sana, ya kukuza mara mia inakuwa ya mara nane au kumi. Kwaiyo pedali inatoa sauti, nyembamba, inakatika katika, kama mbu aliyefungiwa kwenye kopo, na mwenye pedali anatabasamu anakwambia hiyo ndo sauti ya kale mzee. Sio. Fazi ya kale ilikuwa nene, ukipiga noti moja inajaa chumba, na ukipunguza volyumu kwenye gita lenyewe sauti inarudi kuwa safi ya kumeta. Na kwa silikoni kuna hasara nyingine ya kimya kimya, ule upande wa beizi na emita haupendi kupigwa umeme wa kinyume, nyingi karatasi zake za kiwandani zinasema mwisho volti 5 au 6, na sisi tunaipelekea betri ya 9. Haifi siku hiyo, ila inaanza kuwa na mchakarisho na nguvu inapungua, hata ukija kuigeuza vizuri baadae hairudi kama ilivyokuwa.

Sasa mliandika mtindo wa miaka ya 60, na miaka ya 60 transista nyingi za pedali zilikuwa za jemani, na mchoro wenu kwa hizo hautumiki hata kidogo, maana hazina uso bapa. Maestro ya Marekani ilitoka 1962 na ilikuwa na transista tatu za jemani, London ikaja Tone Bender 1965 na Fuzz Face ya Arbiter 1966, hii ya mwisho ndo Jimi Hendrix aliyoifanya ijulikane, ndani yake ni transista mbili tu, pedali nyingi zikiwa na NKT275 na nyingine AC128, hiyo ni kabla haijaja ile ya silikoni. Kuna na Rangemaster ya kampuni ya Dallas, transista moja pekee OC44. Hapa kwetu wapiga solo wa dansi wengi walitaka gita safi lenye mwangwi, fazi haikutawala, ila vuka tu mpaka hapo Zambia usikilize bendi zao za miaka ya 70, WITCH, Amanaz, Paul Ngozi, fazi imemwagika kila wimbo. Kwaiyo vijana wakiitaka leo mi nawaelewa.

Na uzuri ni kwamba jemani tulikuwa nazo majumbani. Zile redio za Philips za mbao na za plastiki ngumu za wazee wetu, humo ndani kuna AC125, AC126, AC127, AC128, na zilizotangulia zaidi zina OC71, OC72, OC44, OC45. Kwa zisizoanza na O herufi zenyewe zinakwambia, A ya mwanzo ni jemani, B ni silikoni, C inayofuata ni ya sauti, F ni ya masafa ya juu. Za Kijapani angalia zilizoanza na 2SB, maana hiyo ni PNP (aina ambayo umeme wake unaenda kinyume na wa ile nyingine, NPN) ya masafa ya chini, na 2SB56 na ndugu zake wa zamani ni jemani. Leo hizo redio zinauzwa kwa kilo kwa watu wa skrepa inauma roho, mtu anapima chuma cha spika na sumaku anatupa bodi jalalani.

AC128 ni kopo dogo la chuma lenye umbo la risasi iliyokatwa ncha, pembeni kuna nukta ya rangi, mara nyingi nyekundu. Mguu ulio karibu na nukta ni kolekta, wa katikati beizi, wa mwisho emita. OC71 na OC44 ni kioo kilichopakwa rangi nyeusi, nazo nukta ni kolekta, na hata nukta ikifutika angalia nafasi ya miguu, kolekta imekaa mbali kidogo na wenzake wawili. Ile rangi nyeusi msiikwangue jamani. Kipande cha ndani cha transista kikimulikwa kinapitisha umeme, na OC71 iliyokwanguliwa ukiiweka kwenye pedali chini ya taa ya tyubu utasikia mngurumo kwenye spika unatafuta kosa la waya wiki nzima kumbe ni taa, ukifunika na kiganja unakata. Alafu kuna AF117 yenye miguu minne, watu wanaishangaa, ule mmoja wa ziada ni wa kopo lenyewe, unaenda kwenye ethi (ule waya wa pamoja wa sakiti nzima), na hizi kwa kawaida siwashauri kwa pedali maana ndani ya kopo huota vinyweleo vya bati vinavyogusa miguu na kushoti, redio nyingi za zamani zimekufa kwa sababu hiyo.

Silikoni za kopo kama BC108 na BC109, ambazo pia ziliingia Fuzz Face, zina kijisikio kidogo kimechomoza kwenye ukingo. Igeuze miguu ikutazame, mguu ulio jirani na kijisikio ni emita, unazunguka kama saa, beizi, kolekta. Hapo ndo mnaona umuhimu wa kuandika inatazamwa kwa wapi, karatasi za zamani za viwandani nyingi zimechora kwa chini, vijana wanachora kwa juu, na mchoro uleule ukiutazama upande wa pili emita inakuwa kolekta. Na kopo la BC108 limeunganishwa na kolekta ndani, mbili zikigusana kwenye bodi ndogo umejishotisha mwenyewe.

Ila mimi kwa vijana wangu hata hiyo nukta na kijisikio nawaambia ni fununu tu. Nukta zinafutika, mchoro wa mtandaoni mtu kauchora toka kwa mtu, na muuzaji anasema chochote. Transista yenyewe inajua miguu yake, iulizeni kwa mita ya kupimia umeme, dakika mbili.

Mita ya dijitali weka kwenye alama ya daiodi. Tafuta mguu mmoja ambao ukiushikisha waya mmoja, wenzake wote wawili wanasoma. Huo ni beizi. Ikiwa waya uliokaa kwenye beizi ni mwekundu basi ni NPN, ikiwa ni mweusi ni PNP. Na usomaji unakwambia kitu kingine hapohapo, ikisoma karibu 0.6 mpaka 0.7 ni silikoni, ikisoma 0.2 au 0.3 hivi ni jemani. Wale mnaotumia mita za mshale, zile Sanwa za wazee, kumbukeni kwenye omu waya MWEUSI ndio unatoa chanya kwa mita nyingi za aina hiyo, kwaiyo majibu yanageuka, NPN utaiona PNP. Hili halijaandikwa kwenye makala yenu na nusu ya mafundi mtaani bado wana mita za mshale. Na kwa jemani usishtuke ukikuta kati ya kolekta na emita mita inasoma kidogo, hizo zinavuja kwa asili, yani umeme kidogo unapita hata beizi haijaguswa, haijashoti.

Beizi umeipata, bado kujua nani kolekta nani emita. Kwa silikoni tazama vizuri namba mbili ulizopata, beizi kwenda emita inasoma juu kidogo kuliko beizi kwenda kolekta, labda 0.665 kwa 0.658, ni ndogo lakini ipo na hairuki ruki. Kwa jemani usitegemee hiyo, joto la vidole tu linaichezea. Mita yako ikiwa na matundu ya hFE (ya kupimia ukuzaji wa transista) ichomeke ukijaribu pande mbili, upande utakaotoa namba kubwa ndo sahihi. Na kama huna matundu kuna ile ya wazee ambayo mi bado naipenda kuliko zote. Chukua mita ya mshale, omu za juu, transista ya NPN, waya mweusi kwenye mguu unaoudhani ni kolekta na mwekundu kwenye ule mwingine, mshale umetulia, sasa lamba kidole uguse kwa pamoja beizi na huo mguu wa waya mweusi bila chuma kugusana. Mshale unapanda. Badilisha nyaya urudie na kidole kikiufuata waya mweusi. Pale ulipopanda sana ndo ulikuwa umepatia, mweusi uko kwenye kolekta. Kwa PNP ni hivyohivyo ila waya mwekundu ndo unakaa kolekta. Unyevu wa kidole umekuwa rizista ya kuipa beizi chakula. Kijana akishaona huo mshale unaruka haulizi tena gazeti.

Kwa jemani sio miguu tu, kuna kuvuja, na hapa ndo matundu ya mita yanadanganya maana yanahesabu uvujaji kama ukuzaji. Mmarekani R.G. Keen alieleza njia rahisi ambayo watengeneza pedali wengi wanaifuata. Kwa PNP, emita kwenye chanya ya betri ya volti 9, kolekta inapita kwenye rizista ya omu 2472 kwenda hasi. Hiyo namba haiuzwi, unganisha kilo-omu 2.4 na omu 68 mfululizo zinatosha. Pima volti juu ya hiyo rizista beizi ikiwa haijashikwa na chochote, tuseme 0.2, huo ni uvujaji. Alafu shikisha beizi kwenda hasi kupitia mega-omu 2.2, pima tena, tuseme 1.1. Toa, 0.9, zidisha na mia, ukuzaji wa transista yako ni 90. Mita ya matundu ingekwambia namba ya juu zaidi na ungeamini. Kwa Fuzz Face transista ya kwanza inatakiwa iwe na ukuzaji kati ya 70 na 80 hivi, ya pili 110 mpaka 130, na ikivuja kupita nusu volti kwenye kipimo hicho iache ukafanyie kazi nyingine. Usiipime ukiwa umetoka kuishika mkononi, iweke mezani ipoe kwanza, utaona namba inashuka yenyewe. Na kumbuka ukiweka kolekta na emita kinyume kipimo hiki kitakupa namba ndogo ya ajabu, kwaiyo kinakuthibitishia miguu pia.

Kipimo hicho kinasaidia na jambo lingine, feki. Kuna wauzaji, sitaji mtu wala duka, wanaleta kopo limeandikwa AC128 maandishi meupe mapya yanang'aa, ukiweka mita inasoma 0.65, hiyo ni silikoni imevalishwa shati la marehemu. Beba mita yako dukani. Muuzaji akikataa isipimwe, muache nayo.

Makala yenu pia ilisema transista ichomwe moja kwa moja kwenye bodi, mkaishia hapo. Jemani haipendi moto, solda ikikaa sana kwenye mguu umeiua au umeizidishia uvujaji. Acha miguu mirefu, bana mguu kwa klipu ya mamba kati ya solda na kopo ili klipu inywe joto, au bora zaidi weka soketi kwenye bodi, transista unaichomeka tu. Soketi inakusaidia hata kwenye hili la miguu, ukikosea unachomoa. Na ukimaliza pima kolekta ya transista ya pili kwenye Fuzz Face, inatakiwa iwe karibu na volti 4.5, nusu ya betri, kama iko mbali badilisha ile rizista ya kilo-omu 8.2 weka trimu (rizista ya kuzungusha) ya kilo-omu 20 uizungushe mpaka ikae. Ikigoma kabisa kukaa popote unapozungusha, rudi kwenye miguu.

Mwisho kuna suala la chanya kuwa ethi. Fazi ya AC128 ni PNP, kwa mpangilio wa kizamani chanya ya betri inaenda kwenye ethi, tofauti na pedali nyingi za sasa ambazo hasi ndo ethi. Ukizichomeka zote kwenye adapta moja kwa waya wa matawi unashotisha adapta. Iwe na betri yake yenyewe. Hili nalo halikuwepo.

Kwaiyo mhariri ninachoomba ni hiki, rudieni mchoro ule kwenye ukurasa uleule, na safari hii kila transista iandikwe jina lake kamili mpaka herufi ya mwisho. Wekeni 2N3904, BC547, C1815, BC108 na AC128, tano tu hizo zinatosha kuanzia, na chini ya kila moja muandike inatazamwa kutoka chini au kutoka mbele. Mkikosa mchoraji nitachora mimi nilete ofisini kwenu bure, na mita nitakuja nayo.

Fundi redio na mpiga solo,
Temeke, Dar es Salaam